Picha Inapobanwa, Ni Nini Hutupwa?

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hupiga picha ya nukta milioni 12. Kila nukta, yaani pikseli, hubeba namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Kila namba huchukua baiti moja. Zidisha, utapata megabaiti 36 kwa picha moja. Lakini ukilitazama faili lenyewe ndani ya simu, utakuta megabaiti 3 au 4 tu. Litume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na anayepokea hupata faili la kilobaiti mia chache. Sehemu kubwa kabisa ya zile namba imeachwa njiani, na bado shangazi aliyeko Mwanza anamtambua bibi harusi, anaisifia hina yake, na anauliza ni nani aliyemshonea gauni.

Kama simu ingekuwa inatupa nukta tisa katika kila kumi, shangazi angepokea matundu matupu. Simu haitupi nukta kiholela hivyo. Kwanza huigeuza picha kuwa mchanganyiko wa mawimbi ya kasi mbalimbali, kisha huamua ni mawimbi yapi jicho la binadamu litayahitaji na yapi halitayaulizia. Uamuzi huo umejengwa juu ya hisabati yenye zaidi ya miaka 200, na unamhusu yeyote anayetuma picha ya cheti, ya risiti au ya kipele cha mtoto kwa daktari.

Polepole na harakaharaka

Chukua picha ya kanga iliyoanikwa kwenye kamba, nyuma yake pana anga. Fuata mstari mmoja wa nukta kutoka kushoto kwenda kulia, ukiangalia mwanga peke yake. Angani mwanga hubadilika polepole: unaweza kupita nukta 300 na namba ikawa imepanda kidogo tu. Ukiingia kwenye pindo, penye nakshi za kujirudia, mwanga hupanda na kushuka kila baada ya nukta chache. Kwenye mji wa kanga, penye maua makubwa, mwendo ni wa wastani. Ukifika kwenye jina, wino mweusi juu ya nguo nyeupe, mwanga huanguka ghafla na kuinuka ghafla kila herufi inapoanza na kuisha.

Kasi hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo masafa ya picha. Masafa ya chini hubeba umbo la jumla, yaani penye nuru, penye kivuli, panapoishia anga na kuanza nguo. Masafa ya juu hubeba kingo, nyuzi, vinyweleo na maandishi. Kundi la taarab linapopiga, hewa inayofika sikioni ni mtikisiko mmoja tu, lakini msikilizaji hutenga besi, fidla na kanuni bila taabu. Picha nayo hutengeka vivyo hivyo, kwa njia ya hesabu.

Aliyeifungua njia hiyo alikuwa Joseph Fourier, mtoto wa fundi cherehani wa mji wa Auxerre, Ufaransa. Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon kwenda Misri, na aliporudi akapewa kuusimamia mkoa wa Isère, makao yake yakiwa Grenoble. Huko, kati ya shughuli za barabara na kukausha vinamasi, alichunguza jinsi joto linavyosambaa ndani ya chuma. Desemba 1807 aliwasilisha mbele ya wanazuoni wa Paris dai lililowashtua: kwamba mchoro wowote wa joto, hata wenye kona kali, unaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini ya sini na kosaini. Lagrange, mmoja wa vigogo wa hisabati wa wakati ule, hakuridhika. Vitu laini vitazaaje kona? Kitabu cha Fourier kilitoka miaka 15 baadaye, mwaka 1822.

Fourier aliyataka mawimbi kwa sababu ya kikazi: kila wimbi la joto hufifia kwa kasi yake. Fimbo ya chuma ambayo joto lake linapanda na kushuka mara nyingi ndani ya urefu mdogo husawazika upesi. Fimbo yenye ncha moja ya moto na nyingine ya baridi huchukua muda mrefu. Wimbi lenye masafa mara mbili hufifia kwa kasi mara nne.

Kanuni hiyohiyo ya joto imo leo katika programu za kuhariri picha, kwenye kitufe cha kutia ukungu. Ukungu wa kawaida, ule unaoitwa wa Gauss, huifanyia picha kile ambacho muda huifanyia fimbo ya moto: masafa ya juu hufa kwanza. Ndiyo maana kope hutoweka mapema, kisha nyusi, na umbo la kichwa likabaki hadi mwisho. Kitufe cha kuongeza makali hufanya kinyume chake, kwani hukuza masafa ya juu. Nao wahariri wa picha za harusi wana ufundi wa kuitenga picha katika tabaka mbili. Tabaka la masafa ya chini lina rangi na vivuli vya ngozi, na la masafa ya juu lina vinyweleo na vitundu vya ngozi. Mhariri hulainisha kivuli cha uchovu chini ya macho kwenye tabaka la kwanza bila kuligusa la pili, na bibi harusi akatoka ameng'aa huku ngozi yake ikibaki ngozi. Asiyeujua ufundi huo hutia ukungu juu ya vyote, na uso ukatoka kama plastiki.

Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa wingi wa hesabu. Kutenga mawimbi ya mstari wa namba 1,024 kwa njia ya moja kwa moja hudai hatua zaidi ya milioni moja. Mwaka 1965 James Cooley wa IBM na John Tukey wa Princeton walichapisha njia ya mkato inayozishusha hatua hizo hadi karibu 10,000. Baadaye ikagundulika kwamba mwanahisabati Gauss alikuwa ameshaiandika mwaka 1805 na kuiacha kwenye karatasi zake. Kwa mkato huo, kompyuta ndogo ziliweza kufanya kazi ambayo awali ilizishinda kubwa.

Namba 64

Hatua iliyoleta picha kwenye simu zetu ilitoka katika Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani. Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliona kwamba mawimbi ya Fourier yana kasoro moja yakitumiwa kwa vipande vidogo vya picha: hesabu huchukulia kwamba kipande kinajirudia, ukingo wake wa kulia ukiungana na wa kushoto. Kushoto kukiwa na anga na kulia kuna ukuta mweusi, hapo huzuka kishindo ambacho hakimo katika picha, na masafa mengi ya juu hupotea bure kukieleza. Ahmed alipendekeza kutumia kosaini peke yake, ambazo huchukulia kipande kana kwamba kinaendelea kwa taswira yake ya kwenye kioo, hivyo kingo hukutana bila kishindo. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani, akanyimwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazo lake lilionekana jepesi mno. Aliendelea nalo pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na Januari 1974 wakalichapisha. Makala yao ilikuwa ya kurasa chache tu. Mwaka 1992, kamati ya kimataifa iliyojulikana kwa herufi JPEG ililiweka wazo hilo kuwa moyo wa kiwango cha kuhifadhi picha.

Kazi hufanyika hivi. Simu hutenga kwanza mwanga na rangi. Jicho hufuata mwanga kwa makini zaidi kuliko rangi, kwa hiyo kwa kawaida namba za rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Kwa hatua hiyo peke yake, nusu ya mzigo wote imeshatoka, na wengi wetu hatungetambua.

Kisha picha hukatwa vipande vya mraba vya nukta 8 kwa 8. Kila kipande kina namba 64 za mwanga, nazo hugeuzwa kuwa namba nyingine 64. Ya kwanza husema wastani wa mwanga wa kipande kizima. Zinazofuata husema kuna kiasi gani cha wimbi pana, wimbi jembamba, wimbi la wima, la mlalo, na la mchanganyiko, hadi ya mwisho kabisa inayohesabu vidoadoa vya harakaharaka kama ubao wa drafti. Kufikia hapa hakuna cha maana kilichopotea. Namba 64 zimekuwa 64, na ukizirudisha nyuma unapata kipande chako.

Hasara huja katika hatua inayofuata, nayo ni kugawanya. Kila moja ya namba 64 hugawanywa kwa namba yake iliyomo katika jedwali, kisha jibu hukadiriwa hadi namba kamili. Katika jedwali la mwanga linalotolewa na kiwango cha JPEG, namba ya wastani hugawanywa kwa 16, na ile ya masafa ya juu kabisa kwa 99. Tuseme wastani ni 487: gawanya kwa 16, kadiria, unapata 30. Wakati wa kuifungua picha, 30 mara 16 ni 480, kosa la 7 tu. Lakini namba ya vidoadoa ikiwa 40, gawanya kwa 99 na ukadirie, unapata sifuri, na sifuri haifufuki. Kipande cha anga kinaweza kutoka na namba moja au mbili zilizo hai, nyingine zote zikiwa sifuri, na mlolongo wa sifuri huandikwa kwa ufupi sana: badala ya kuzitaja moja moja, faili husema "zilizobaki ni sifuri". Kipande chenye jina la kanga hubaki na namba nyingi zaidi. Kwa njia hiyo faili lenyewe hutumia nafasi kidogo penye utulivu na nyingi penye pilikapilika.

Miundo mipya ya mafaili ya picha na video hubadilisha ukubwa wa vipande na ufundi wa kukisia, lakini kugawa masafa na kuyakadiria kungali msingi wake.

Jicho nalo huchagua

Jedwali la namba 64 lilitungwa kwa kulipima jicho la binadamu. Mwaka 1968 Fergus Campbell na John Robson, wakiwa Cambridge, walichapisha majaribio ya kuwaonyesha watu mistari ya kijivu hafifu na kupima ni wakati gani wanaacha kuiona. Nyoosha mkono mbele yako: upana wa kidole cha mwisho hufunika takriban digrii moja ya kile unachokiona. Jicho hung'amua vizuri zaidi mistari inayojirudia mara chache tu ndani ya digrii hiyo. Mistari ikizidi kuwa myembamba, inahitaji weusi na weupe ulio wazi zaidi ili ionekane, na ikifika marudio 50 au 60 kwa digrii, jicho zima kabisa huona kijivu kitupu.

Umbali nao hubadilisha kila kitu, kwa sababu ukisogea nyuma mistari ileile hujibana ndani ya digrii moja. Aude Oliva, Antonio Torralba na Philippe Schyns waliligeuza jambo hilo kuwa kiini macho mwaka 2006. Walichukua masafa ya chini ya picha moja na masafa ya juu ya nyingine, wakazijumlisha. Picha maarufu zaidi ya aina hiyo, aliyoitengeneza Oliva, huonyesha uso wa Albert Einstein ukiwa karibu na wa Marilyn Monroe ukiwa upande wa pili wa chumba. Karatasi ni ileile. Ukisogea, jicho huachia masafa ya juu yaliyombeba Einstein na kubaki na ya chini. Ukikunja macho ukiwa papo hapo, matokeo huwa yaleyale.

Watengenezaji wa michezo ya kompyuta hupambana na upande wa pili wa jambo hili. Skrini nayo ina kikomo: ili kuonyesha mstari mweupe na mweusi unaojirudia, inahitaji angalau nukta mbili kwa kila marudio. Ukilazimisha masafa ya juu kuliko hapo, hayapotei kwa adabu, bali hujitokeza kama masafa ya uongo. Mtangazaji wa habari akivaa shati la mistari myembamba, runingani huzuka mawimbi ya ajabu yanayocheza kifuani pake. Katika mchezo wa mpira wa kompyuta, nyasi za goli la mbali zingemetameta kila kamera inaposogea. Mwaka 1983 Lance Williams alitoa dawa ambayo kadi za grafiki huitumia hadi leo. Kila mchoro wa nyasi, tofali au ngozi huwekewa mapema nakala zilizopunguzwa, kila moja ikiwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa iliyotangulia, masafa ya juu yakiwa yameshaondolewa. Kitu kikiwa mbali, kadi huchukua nakala ndogo. Gharama yake ni theluthi moja tu ya kumbukumbu ya ziada, kwa kuwa robo, na robo ya robo, na kuendelea, jumla yake haizidi theluthi.

Msomaji akiwa mwingine

Mpango wote huu husimama juu ya dhana moja: kwamba anayetazama ni jicho, na kinachotazamwa ni mandhari au sura ya mtu, ambamo masafa ya juu huwa machache na hafifu. Dhana ikivunjika, picha huharibika kwa namna inayotabirika.

Maandishi ndiyo ya kwanza kuumia. Ukingo wa herufi ni kishindo kutoka nyeusi hadi nyeupe, na kishindo huhitaji masafa yote, ya chini na ya juu, yakijumlishwa kwa usahihi. Ukiyapunguza ya juu, yaliyobaki hayafutani vizuri, na hapo huzuka viwimbi vya kijivu pembeni mwa kila herufi. Ipige picha risiti, uitume, mwenzako aihifadhi na kuituma tena, wa tatu aipunguze: kila programu inaweza kuibana upya, na 8 ikaanza kufanana na 3.

Runinga ya kidijitali huumia kwa vipande vyake. Zamani mawimbi yakidhoofika tuliona chenga. Tangu Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na nchi kuhamia ving'amuzi, mawimbi yakidhoofika picha huganda na kukatika miraba miraba. Ile miraba ndiyo vipande ambavyo picha ilikatiwa kabla ya kurushwa, na sasa baadhi vimefika bila namba zake. Uwanja wa mpira wenye mvua kubwa au umati unaorusha karatasi nao hutoka na miraba hata dishi likiwa sawa, kwa sababu masafa ya juu yamekuwa mengi kuliko nafasi aliyoitenga mrushaji.

Mfano mzito zaidi ni wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa na kadi za alama za vidole zipatazo milioni 200, na kila kadi ikiingizwa kwenye kompyuta ilichukua takriban megabaiti 10. Ilibidi zibanwe. JPEG ilijaribiwa ikaonekana haifai. Ilipobana kwa kiwango kilichotakiwa, mipaka ya vipande vya 8 kwa 8 ilikatiza matuta ya kidole, na matuta hayo, mahali yanapogawanyika na kukomea, ndiyo ushahidi wenyewe. Hapa masafa ya juu hayakuwa takataka. Mwaka 1993 FBI ilichagua njia ya viwimbi vifupi vinavyoanza na kuisha mahali pamoja, badala ya mawimbi yanayojaza kipande kizima. Hisabati yake ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Ingrid Daubechies, mzaliwa wa Ubelgiji, aliyoichapisha kuanzia mwaka 1988. Alama zilibanwa hadi karibu sehemu moja ya 15, bila kukatwa miraba. Jedwali lilibadilika kwa sababu msomaji alibadilika.

Kiwango cha JPEG chenyewe kinakubali jambo hili. Majedwali yaliyomo ni mifano, si sheria, na kila mtengenezaji wa simu au programu yuko huru kuweka namba zake. Kwa maneno mengine, kila picha tunayotuma imepita mikononi mwa mtu asiyetujua, aliyekwisha kuamua kipi hatutakihitaji. Kwa picha ya harusi uamuzi wake ni mzuri, na umetuokolea bando la miaka mingi. Kwa cheti kinachokwenda kuhakikiwa, kwa risiti yenye namba ndogo, kwa upele ambao daktari anataka kuona mpaka wake, hakuulizwa. Hapo tuma faili la awali kama hati, si kama picha, nalo litafika lilivyo. Picha ya skrini yenye maandishi ihifadhi kwa PNG, ambayo haikadirii chochote. Na nakala ya kwanza usiifute, kwa kuwa kilichogeuzwa sifuri hakuna programu inayoweza kukirudisha. Programu zinazodai kusafisha picha zilizofifia hukisia tu namba zilizokufa, na kwenye cheti, kisio la namba ni kosa hata likiwa na makali ya kuvutia.